Basi la Kuunganisha Miji Miwili

Mji wa juu na mji wa chini ilitenganishwa na barabara kuu tu, lakini kwa asiye na gari barabara hiyo ilikuwa kama ukuta. Mabasi ya shirika la mji wa juu yaliishia kiwanda cha saruji. Ya mji wa chini yaliishia kwenye mizani ya malori. Kati ya vituo hivyo viwili hapakuwa na basi wala njia ya miguu, ila vumbi na malori yaendayo kasi kama umeme.

Mjane mmoja, mfuaji wa mashuka katika hospitali ya mji wa juu, alikuwa amemwacha bintiye kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mji wa chini. Mtoto huyo, waliyemwita Kibibi, ndiyo kwanza alikuwa anatambaa.

"Ni kwa muda tu, wifi," mama alisema. "Mashirika yakishakubaliana kuchangia gharama, basi la kuunganisha litaanza. Nitakuwa namleta asubuhi, namchukua jioni."

Hakuwa na shaka hata chembe. Mwanasheria aliyeshughulikia mkataba huo kwa niaba ya mji wa juu alikuwa kaka yake wa toka nitoke.

Kaka huyo hakukubali kushindwa maneno. Kila rasimu iliporudi, aliona kasoro. Nani alipie mafuta basi likirudi tupu? Nani agharimie matengenezo likiharibikia ng'ambo? Wenzao wa mji wa chini walipokubali kuchangia nusu, yeye akadai theluthi mbili.

"Kaka, si mtie saini tu?" dada yake alimsihi siku moja ofisini, mikono imemchubuka kwa sabuni. "Mtoto anakua."

"Dada yangu, mambo haya hayataki pupa. Nikilegea sasa, watatupanda kichwani. Mwezi ujao tutamaliza."

Wifi naye alipiga simu. "Jirani yangu ana chumba cha kupangisha, na zahanati yetu inatafuta mfuaji. Njoo, wifi."

"Mshahara wa hapo ni kiduchu. Ngoja kidogo, kaka kasema mwezi ujao."

Mwezi ujao ukazaa mwezi ujao mwingine. Mwanzoni mama alikwenda kila Jumapili kwa pikipiki ya kukodi. Nauli ikapanda, ziara zikawa za nadra, na hatimaye akabaki kusikia sauti ya mwanawe kwenye simu. Mara nyingi mtoto alikimbilia michezo kabla salamu hazijaisha.

Siku moja mji wa chini ukasalimu amri. Kaka alifika kwa dada yake meno yote nje. "Wamekubali theluthi mbili! Sikukwambia?"

Walipanda pamoja basi la kwanza. Safari yenyewe ilikuwa fupi kuliko hotuba za uzinduzi.

Walimkuta Kibibi uani, amevaa sare ya chekechea. Mama alichuchumaa, akafungua mikono. Mtoto alirudi nyuma, akashika gauni la wifi, akamtazama usoni.

"Mama, huyu nani?"

Wifi aliinamisha kichwa. "Nilimfundisha aniite shangazi, wifi yangu. Haki ya Mungu, nilimfundisha. Lakini alisikia wenzake wanasema mama, naye akataka wa kumwita."

Kaka alikohoa. "Atazoea tu. Basi sasa lipo kila siku."

"Nani atazoea, kaka? Yeye mbona keshazoea."

Jioni alijaribu kumbeba. Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka, akimnyooshea wifi mikono yote miwili. Mama akamrudisha, akapanda basi mikono mitupu, machozi yakimtoka bila kwikwi. Alitamani kumtupia kaka yake lawama zote, lakini moyo ulimsuta: alifunguliwa mlango, akachagua kungoja. Ama kweli, chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.