Mafuta Yaliyosafiri Chini ya Ziwa

Kisa hiki nimekisoma mara tatu na bado kinanisisimua. Nakuletea nawe.

Kijiji cha Ilembwe kiko bondeni, si mbali na ziwa la chumvi. Mwaka mmoja wanakijiji waliona mafuta meusi yakivuja kwenye kijito chao. Kampuni ya kuchimba mafuta ikaja mbio. Mkurugenzi wake akatangaza kwamba kaya zote mia mbili zihame, na makaburi yahamishwe, ili wachimbe.

Bibi Nandi Sichone, mwenyekiti wa kijiji, alimfuata mkemia wa kampuni, Daktari Tusekile.

"Mwanangu, una hakika mafuta haya yametoka chini yetu?"

"Bado, mama. Ngoja niyapime."

Tusekile alichukua mafuta ya kijitoni, pamoja na jiwe lililochimbuliwa kutoka chini kabisa ya kijiji. Mafuta hutokana na viumbe vidogo vya kale, vilivyozikwa ndani ya mawe na kuivishwa na joto la ardhini. Joto hilo huacha alama zake hata kwenye chembe ndogo kabisa, na maabara huweza kuzisoma.

Majibu yalipotoka, Tusekile alikaa chini. Akarudia vipimo vyote.

Mkurugenzi akamwita. "Andika mafuta ni ya hapa. Nitakufanya mkuu wa maabara."

"Siwezi, bosi. Jiwe la hapa ni bichi. Halijawahi kupata joto la kutoa hata tone. Mafuta yale yameiva sana."

"Kwa hiyo yameshuka kutoka mbinguni?"

"Yametoka kwenye mawe yaliyozama chini ya ziwa, kwenye joto kali. Yametembea ndani ya ardhi mpaka hapa."

Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Kampuni ikachimba kisima cha majaribio kando ya kijiji. Wakapata maji ya chumvi matupu. Shingo upande, wakaenda kutoboa ziwani alikoonyesha Tusekile, kilomita thelathini kutoka pale. Mafuta yakapanda! Walipoyapima, alama zake zilifanana na za yale ya kijitoni kama mapacha.

Ilembwe haikuhamishwa. Mkurugenzi alimfuata Tusekile nyumbani kwake, akamwomba radhi na kumrudisha kazini.

Bibi Nandi yeye alikuwa na swali moja tu: safari ile ya mafuta ilichukua muda gani?

"Miaka milioni mbili, mama. Pengine zaidi."

Bibi alivua ndala zake, akasimama peku kando ya kijito kwa heshima.

Funzo: Usihukumu kitu kwa mahali ulipokikuta. Chunguza kimetoka wapi na kimepitia moto gani, na ukishaujua ukweli, uuseme hata mbele ya mkubwa wako.