Aliyemjibu Mzee Lubasha

Sogeeni karibu, na simu zenu ziwekeni kimya kidogo, maana kisa chenyewe kimetoka humo humo simuni. Kilitokea Nzega, na mimi hadi leo nikikisimulia mwili hunisisimka. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana baadaye hatapata nafasi.

Kulikuwa na marafiki wanne. Kalunde alikuwa na sauti, na gitaa alilolinunua kwa msimu mzima wa kuvuna mpunga wa watu. Mihayo, fundi redio, alikuwa na masikio. Alisikia waya unaokatika kabla haujakatika. Siwema aliuza makava ya simu pale stendi, na alikuwa na macho: alijua video ikatwe wapi ili mtu asiipite. Kapela alikuwa na mdomo, au tuseme vidole, kwa sababu hakuweza kumwacha mtu mtandaoni bila kumjibu, hata mtu aliyekuja kutukana.

Sasa, Kalunde alikuwa anaumwa figo, na hospitali walishamwambia ukweli. Alikuwa na haja moja tu. Baba yake, Mzee Lubasha, seremala, alikwenda machimboni Kalunde akiwa na miaka sita. Hakurudi, wala hakutuma salamu. Binti akatunga wimbo wa kumwita, akauweka mtandaoni mwenyewe. Ukasikilizwa na watu arobaini na mmoja, na thelathini kati yao walikuwa binamu zake.

Akawaita wale watatu nyumbani. "Nisaidieni usikike," aliwaambia. "Atakayemfikisha baba pale mlangoni, achukue gitaa langu. Mmoja tu. Gitaa haligawanywi vipande."

"Lakini jina lake msilitaje," mama yake alidakia kutoka jikoni. "Sitaki mwanamume yule atangazwe kama ng'ombe aliyepotea. Akija, aje kwa miguu yake."

Mihayo akaanza. Alitundika mablanketi chumbani, akazima friji, akasubiri malori yapite. Kalunde alikuwa hana pumzi ya kumaliza hata ubeti mmoja, kwa hiyo alirekodiwa neno hapa, mstari pale, kwa siku kumi na moja. Mihayo akaviunga vile vipande. Ndiyo kusema hakuna siku ambayo Kalunde aliuimba wimbo ule mzima. Mzima ulikuwa kwenye kompyuta ya Mihayo tu. Kulikuwa na neno moja, Kijiko, jina alilopewa na baba yake kwa sababu ya kupenda kukoroga vyungu vya watu. Honi ya lori ikalifunika. Wote wakasema liache, nani atalijua? Mihayo akakataa. "Dada, rudia hilo neno tu." Akarudia. Hakuimba tena baada ya hapo.

Siwema naye alikuwa na shida yake. Kalunde alikonda, akakataa sura yake kupigwa picha. Siwema akapiga video ya vidole vyake juu ya nyuzi za gitaa, kisha ya mlango wa nyumba, ule wa mninga aliouchonga Mzee Lubasha mwenyewe, wenye nyota mbili juu ya kitasa. Halafu akafanya jambo lililomkera Mihayo: akautoa mstari wa mwisho wa wimbo, akauweka mwanzo kabisa.

"Umeuharibu," Mihayo alisema. "Umeanzia mwisho!"

"Kaka, mtu anakupa sekunde tatu, akiona huna kitu anapita. Nimpe nini katika hizo tatu, salamu?"

Basi video ikaanza na mlango, na sauti juu yake: Baba, mlango haujafungwa.

Kapela akaichukua hapo. Hakununua matangazo, hakuwa na hela hiyo. Aliituma kwenye magrupu ya madereva, ya mama lishe, ya wachimbaji, kila siku saa ile ile ya mapumziko ya mchana. Aliwaomba watu waweke video za milango ya kwao juu ya sauti ile, na watu wakaweka. Na kila aliyeandika, alimjibu kwa jina la Kalunde: "Asante, ubarikiwe. Wewe uko wapi?" Watu wanapenda kuulizwa. Walijibu wako Kahama, wako Chunya, wako Geita. Wimbo ukaenda hadi mashimoni.

Kisha Kalunde akafa, Jumatatu asubuhi, wimbo ukiwa umesikilizwa na watu laki mbili.

Hapo ndipo walipokosea, kama ni kosa. Kapela alisema, "Tukitangaza msiba, watu wataandika pole na kupita. Wimbo utazikwa naye." Mihayo na Siwema wakanyamaza, na kunyamaza kule kukawa ndiyo. Wakarudi kutoka makaburini, udongo ukiwa bado kwenye viatu, na Kalunde akaendelea kuwajibu watu. Asante, ubarikiwe. Wewe uko wapi? Kapela aliniambia ilifika mahali vidole vyake vilikuwa vinaandika haraka kuliko alivyowaza, kwa utani wa Kalunde, na kwa makosa yale yale ya herufi aliyokuwa akikosea Kalunde. Aliogopa. Lakini hakuacha.

Arobaini iliangukia Jumamosi. Mchana, watu wanakula, mzee mmoja akasimama nje ya mlango wa mninga. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na mkononi ameshika viatu vipya vya kike. Hakubisha hodi. Alipapasa zile nyota mbili, kisha akauliza, "Kijiko yuko wapi? Namba ya mguu wake nimekisia tu."

Mama yake Kalunde ndiye aliyemwambia, na sitaki kuwaeleza alivyolia mzee yule. Nililia na mimi niliposimuliwa.

Alipopata sauti alisema, "Lakini mbona alinijibu?"

Akatoa simu. Chini ya video alikuwa ameandika: Mlango huo niliuchonga mimi. Na chini yake, kwa jina la Kalunde: "Najua baba. Njoo Jumamosi. Nakungoja." Jibu hilo lilikuwa limeandikwa Alhamisi, siku mbili kabla ya arobaini.

Wote wakamgeukia Kapela. Kapela akaapa. "Wallahi si mimi. Alhamisi sikuwa na bando, muulizeni Siwema."

"Kweli hakuwa nalo," Siwema alisema. "Na mimi sijaandika."

Mihayo alitikisa kichwa tu. Na neno la siri la ukurasa wa Kalunde walilijua watatu hao peke yao, na marehemu.

Mama akaingia ndani, akarudi na gitaa. "Mwanangu aliahidi. Na baba yake huyu hapa mlangoni. Nani alichukue?"

Siwema alianza kusema kwamba bila jina la Kijiko mzee asingejua ni mwanawe. Mihayo akasema bila mlango mzee asingetazama. Na wote wawili wakasema bila Kapela video isingefika shimoni. Mmoja alimsukumia mwenzake, hakuna aliyetaka kuligusa.

Mzee Lubasha akawakatiza. "Wimbo niliusikia wiki mbili kabla ya kuandika. Niliijua sauti, niliujua mlango, nikabaki huko huko kwa aibu. Kilichonipandisha basi ni jibu lile. Mpeni aliyenijibu."

"Hakuna aliyejibu, mzee," Mihayo alisema.

"Basi ni yeye," mzee akasema, na uso wake ukalegea, kwa mara ya kwanza tangu afike. "Mwanangu amenisamehe."

Sasa tazameni mtego ulivyokaa. Pengine mmoja wao aliandika na hathubutu kukiri. Pengine hakuna. Lakini yeyote atakayenyoosha mkono leo na kulichukua gitaa, mzee atasema huyu ndiye aliyenijibu, na papo hapo msamaha wa binti yake unageuka maneno ya kijana wa stendi. Na wakiliacha, ahadi ya Kalunde inavunjwa ndani ya nyumba yake, mbele ya mama yake, anayeshindwa hata kulitazama gitaa lile bila kukimbilia jikoni.

Limelala juu ya kitanda cha Kalunde hadi leo. Mzee amehamia chumba cha pili, na kila siku anamwandikia mwanawe pale chini ya video, anamwambia amekula nini, amekarabati nini, halafu anakaa na simu mapajani anangoja. Wale watatu wanayaona maneno yake. Wanaweza kumjibu.

Haya, ninyi mliokaa mkanisikiliza, msiniangalie mimi. Gitaa lile apewe nani? Na akishapewa, mzee aambiwe nini?