Chupa Kumi na Moja za Baba Mkubwa

Hapo zamani, siyo ile zamani ya sungura na fisi, zamani ya mwaka juzi tu, joto la Novemba lilipoishika Kyela mpaka kuku wakatembea midomo wazi, mimi nilikuwepo. Sikusimuliwa. Mshenga wa posa ile nilikuwa mimi, na wilaya nzima hakuna mshenga wa kunifikia. Darasa la tano nililiacha mwenyewe, lakini macho sikuyaacha kule.

Mposwa alikuwa Tumpe. Marehemu baba yake alimwachia mkewe friji la bia. La bia tu. Ukiweka samaki humo, utahama nyumba. Neno la mwisho la posa lilikuwa la Baba Mkubwa, kaka wa marehemu, mzee asiyezungumza habari za ng'ombe wa mahari mpaka koo lake lipoe. Posa ya kwanza alipewa bia ya vuguvugu: akavaa kofia, akaondoka. Posa ya pili, vuguvugu: akavaa kofia, akaondoka.

"Bia ya moto anapewa mgeni mnayetaka aondoke," alisema. "Basi naondoka."

Sasa ya tatu ilikuwa ya Gwamaka, na Gwamaka ndiye Tumpe aliyemtaka hasa. Asubuhi ile Tumpe aliniambia, "Mshenga, kofia ya mzee ikipanda kichwani leo, mimi nimekwisha."

Chupa kumi na mbili zilikuwa ndani ya friji tangu jana. Saa tatu Mama Tumpe akagusa moja. Akaguna. Ilikuwa kama uji wa mgonjwa. Mota inanguruma, ubaridi hakuna! Mama akakunja kanga, akalivuta friji kutoka ukutani peke yake, akachungulia nyuma. Vile vyuma vilivyojipinda kama nyoka vilikuwa vimevaa vumbi, utando wa buibui na manyoya ya kuku. Akachukua brashi ya viatu, akasugua mpaka akawa mweusi yeye. Niliona kwa macho yangu haya mawili.

Friji likaanza kupoa. Lakini nyumba ya posa ina watu. Huyu anafungua achungulie, yule anafungua apigwe na ubaridi usoni. Bibi Sekela, mama yake Mama Tumpe, akakokota kigoda, akaketi, akaegemeza mgongo mlangoni pa friji.

"Bibi, naomba maji ya baridi."

"Kisimani."

"Bibi, mchungaji amefika, ana kiu."

"Aombe mvua!"

Hakula, hakunywa, hakwenda hata msalani. Niliona kwa macho yangu haya mawili.

Saa sita jua likahamia kwenye ukuta wa nyuma ya friji. Ukuta ukawa kikaango. Mota ikaanza kukohoa. Tumpe akampigia Gwamaka simu akilia. Na desturi mnaijua: siku ya posa mwoaji haonekani. Gwamaka akapita kwenye mikakao akiwa amebeba ungo wa mama yake, akasimama nje ya dirisha lililo nyuma ya friji, akaingiza mikono, akapepea vile vyuma. Saa sita akapepea. Saa saba akapepea. Saa nane akapepea. Ndani tuliona mikono tu, kama ya mzimu anayepepeta mchele. Niliona kwa macho yangu haya mawili.

Saa nane na nusu Bibi alisinzia, kichwa kikalala upande, mgongo ukauachia mlango. Hapo paka mmoja mwekundu akaingia, akavuta mlango wa friji kwa kucha, akaangusha chupa moja, akakimbia. Mlango niliurudisha mimi, haraka sana.

Saa tisa Baba Mkubwa akaingia. Akaketi, kofia gotini. Bibi akasogea, Mama akafungua, akahesabu: kumi na moja. Akamtazama mama yake vibaya, akamimina. Mzee akanywa. Nyumba nzima tulitazama kofia.

Kofia ikawekwa chini.

"Aaah," akasema mzee. "Meno yamekufa ganzi. Tuzungumze ng'ombe. Na mtoto wa kwanza wa ndoa hii nitampa jina mimi. Kama ni wa kike, litatoka kwa aliyeipoza bia hii. Ni nani?"

"Ni mimi!" akasema Mama Tumpe. "Nisingesugua, mngelinda joto. Mngepepea joto. Apewe jina langu."

"Wewe ulisugua nusu saa ukaenda kuoga," akasema Bibi. "Ubaridi ungetoka wote na wachunguliaji. Aitwe Sekela."

"Mama, ulilala! Chupa iko wapi?" Nami nikadakia kwamba ni paka.

"Niliwekwa kuzuia watu, sikuwekwa kuzuia paka!"

Mara dirisha likasema, "Shikamoo, Baba Mkubwa. Ni mimi." Mikono ya Gwamaka ikatokeza, imevimba malengelenge. "Mota ingezimika saa sita. Aitwe Anganile, jina la mama yangu, na ungo ni wake."

"Mwoaji anaonekana siku ya posa?" akafoka Bibi.

"Sijaonekana, Bibi. Imeonekana mikono."

Mzee alicheka mpaka bia ikamtoka puani, lakini hakuamua. Ndoa ikafungwa. Mtoto akazaliwa, wa kike, mnene kama kreti. Ana miezi sita, na kadi yake ya kliniki pale kwenye jina ni peupe. Tumpe anamwita "Wewe". Jumapili hii anabatizwa, na Baba Mkubwa kanituma niwaulize watu wenye akili.

Ila mtoto asije akakosa haki kwa ajili yangu. Yote niliyosema ni kweli tupu, isipokuwa paka. Nyumba ile haina paka. Paka nilimtunga mimi, na joto lilikuwa kali, mnisamehe.

Haya, mmeshajua yote. Aliyesugua, aliyeketi, aliyepepea: je, jina la mtoto litoke kwa nani?