Mashavu na Kisima cha Mwana wa Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko kazi zao, palikuwa na mji uitwao Kivumoni, na sultani wake akiitwa Mwinyimvua, bahili asiyejificha. Nyuma ya jumba lake, kando ya kisima, palikuwa na kibanda cha mwanamke jina lake Mashavu. Mumewe alimpa talaka akiwa mja mzito, akaenda zake, na mji mzima ukasema masikini, kisha ukaenda kula. Mashavu akajifungua binti, akamfunga mgongoni, akawa anakaanga vitumbua pale kisimani, maana wachota maji huja na njaa. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyowaweka hai. Watu walimwita juha, kwa kuwa kila aliloambiwa alilichukua kama lilivyo.

Ikawa Sultani akapata mwana wa kiume. Akataka kumpa zawadi isiyomgharimu kitu, basi akapiga mbiu kwamba upande wote wa kisima ni mali ya mwana huyo, na asiye jamaa ya mtoto ahame kabla ya Ijumaa.

Mashavu akaenda barazani kwa Sultani.

"Bwana wangu, nikitoka pale mwanangu atakula nini?"

"Hilo si la kuniuliza mimi," akanena Sultani. Kisha akawatazama mawaziri wake, akitaka kuwachekesha. "Lakini mimi si mkatili. Kuwa jamaa ya mwanangu kabla ya Ijumaa, nawe utakaa hapo mpaka ufe."

Mawaziri wakacheka, maana ndiyo kazi yao.

"Nimesikia, bwana wangu," akasema Mashavu. "Na kadhi amesikia?"

Kadhi, aliyeketi kando ya Sultani, akasema amesikia. Mashavu akarudi kibandani, akalia sana. Msidhani alikuwa na hila tayari, hakuwa nayo.

Hata siku ya pili, mke wa Sultani, mamaye yule mtoto, akashikwa na homa, maziwa yakakauka. Mtoto akalia mpaka wachota maji wakaziba masikio. Wakaletwa wanawake wa kumnyonyesha, Sultani akasikia ujira wao, akaona heri mtoto azoee njaa. Mashavu alipokisikia kilio kile akaingiwa na huruma, kifua chake kikalowa, na hapo ndipo akili ikamjia. Akamnyonyesha binti yake kwanza mpaka akashiba, kisha akaenda kubisha hodi kwa Sultani.

"Nitamnyonyesha bure," akasema, "ila mke wa kadhi akae nami, watu wasije wakasema nimemdhuru mtoto."

Sultani aliposikia neno bure hakusikia lingine. Akasema moyoni, kweli huyu juha. Basi Mashavu akamnyonyesha mwana wa Sultani asubuhi na jioni, mtoto akashiba hata akalala, mke wa kadhi akitazama, mpaka Ijumaa ikafika.

Askari wakaja kubomoa kibanda, wakamkuta anakaanga.

"Mbona hujahama?"

"Nihame niende wapi? Mwenye ardhi ni mwanangu."

Wakampeleka barazani kama mwenye wazimu, wakamweleza Sultani aliyoyasema.

"Mwana wako yupi?" akauliza Sultani.

"Huyo wako, bwana wangu. Uliniambia niwe jamaa yake, nikawa."

Sultani akamgeukia kadhi. Kadhi akakohoa, akanena, "Bwana, mke wangu ameshuhudia. Aliyemnyonyesha mtoto namna ile ni mama yake kwa sheria, na binti yake ni dada wa mwanao, hata hawawezi kuoana. Ukimfukuza, umemfukuza mama wa mwanao katika ardhi ya mwanao."

Mawaziri hawakujua kama wacheke. Sultani akatazama chini kwa haya, kisha akaanza kucheka mwenyewe, kidogo kidogo.

"Ule ujira ungekuwa rahisi kuliko hivi," akanena. Akaamuru kibanda kibomolewe vilevile, na mahali pake ijengwe nyumba ya mawe yenye baraza ya kuuzia, maana haipendezi mama wa mwana wa Sultani avujiwe. Mashavu akalia tena, safari hii mbele za watu, wala hakuona aibu.

Nyumba ilipokwisha, Sultani akapita kisimani, akanusa, akanyoosha mkono.

"Nipe viwili, Mashavu. Sasa sisi jamaa, hatulipani."

Mashavu akageuza kitumbua kikaangoni.

"Mwanao akiota meno atakula bure, bwana wangu. Wewe hukunyonya."

Sultani akapapasa mfuko wa kanzu yake, akalipa.