Visarafu vya Bi Mkasi

Dhahabu ndogo haiitwi shaba. Leo mmemsikia Asaa akimwambia hivyo binti yake anayeudharau mshahara wake wa kwanza, mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Methali hii ilianza hivi, katika mtaa huu huu tunaokaa.

Zamani alikuwapo hapa mjane aitwaye Bi Mkasi binti Faki, mshonaji wa kofia za vito, zile za vitundu vinavyotariziwa kwa sindano. Kofia zake zilisifika hadi Unguja, lakini kofia moja humla mtu macho muda mrefu, na malipo yake si makubwa. Bi Mkasi alikuwa na nia moja tu, kwenda Hija. Kila alipouza kofia alitenga kidogo, na kila kidogo kilipotosha alikwenda kwa Lalji, sonara wa mjini, akanunua dhahabu.

Alikuwa na namna yake ya kununua. Wanawake wenzake walikwenda dukani msimu wa karafuu, watu wanapokuwa na fedha na arusi zinapofuatana, wakataka mikufu na vikuku vya nakshi. Bi Mkasi alikwenda wakati wa ukata, wenye dhahabu wanapouza na wanunuzi hawapo. Hakutaka pambo. Aliomba sarafu kuukuu za dhahabu, nusu ashrafi na robo, zilizosuguka hata maandishi yake hayasomeki. Lalji alizipima, naye akalipia uzito wake na faida ndogo ya muuzaji, basi. Akavitia visarafu vyake katika kibweta, akarudi kwenye sindano.

Jirani yake, Bi Salha, mke wa mwenye mashamba, alimcheka. Alimwuliza dhahabu isiyovaliwa ina raha gani. Bi Mkasi alimjibu kwa upole kwamba yeye hanunui raha, ananunua safari.

Siku hizo nyumba zilikuwa zetu lakini ardhi ilikuwa ya Bwana Nassor, tukimlipa ijara kila mwaka. Mwaka mmoja Bwana Nassor akaamua kuhamia Maskati. Tajiri mmoja akataka kuinunua ardhi yote, avunje nyumba, ajenge bohari la karafuu. Wazee walipomwendea Bwana Nassor, aliwaambia kwamba atatuuzia sisi kwanza, kwa bei ile ile, ila tulipe kwa dhahabu. Noti za hapa, alisema, hazitamfaa huko aendako. Akatupa muda hadi Ijumaa.

Mtaa ukahangaika. Watu wakatoa hereni na pete. Bi Salha naye, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa humo humo, akautoa mkufu wake mkubwa, na kila mtu akapumua. Lakini Lalji alipotoa vijiwe vya mkufu na kukata shanga zake, ndani mlikuwa mmejaa nta. Dhahabu yenyewe ilikuwa ganda jembamba. Bi Salha alikuwa amelipia nakshi, na nakshi haiwekwi kwenye mizani. Alikaa chini, akajitanda kanga usoni.

Ijumaa, baada ya sala, Bwana Nassor alikuja dukani kwa Lalji kupokea. Dhahabu ya mtaa haikufika hata nusu. Wazee walikuwa wameinamisha vichwa pale Bi Mkasi alipoingia na kibweta chake, akakimimina juu ya meza.

Bwana Nassor alikiokota kisarafu kimoja, akakigeuza.

"Bi Mkasi, mimi nimeomba dhahabu. Hivi vidogo vilivyosuguka nivifanyeje?"

"Dhahabu ndogo haiitwi shaba, bwana," alisema Bi Mkasi. "Mwambie Lalji apime."

Lalji akapima. Alipima kwa mafungu, kwa sababu mizani yake ilikuwa ndogo, na kila fungu lilipoongezwa wazee waliinua vichwa. Lilipopimwa fungu la mwisho, bei ilikuwa imetimia, na visarafu viwili vilibaki mezani. Bwana Nassor aliviangalia, kisha akavisogeza kwa Bi Mkasi kwa mkono wake mwenyewe.

"Na Hija yako?" Bi Salha alimwuliza walipotoka nje.

"Watu hawa wakitawanyika, nikirudi kutoka Makka nitarudi kwa nani?"

Hati iliandikwa kwa majina ya wenye nyumba wote. Wazee walitaka ardhi iwe yake, tumlipe yeye ijara. Alikataa. Alikubali tu kwamba kila nyumba, ikijaaliwa, imrejeshee sehemu yake, naye hakumdai mtu. Wenye nyumba walirejesha kidogo kidogo, na kila alichopata alikipeleka kwa Lalji, wakati wa ukata, kama desturi yake. Ilichukua miaka. Nilikuwa kijana tulipomsindikiza bandarini, mtaa mzima, naye mkongojo mkononi, akienda Makka. Bi Salha ndiye aliyembebea bahasha ya nguo, naye ndiye aliyemwambia kila aliyeuliza bibi yule amepata wapi nauli:

"Kwani hamjui? Dhahabu ndogo haiitwi shaba."