Makeke Aliyemlaza Zimwi Peke Yake

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, mnajibu kama wagonjwa. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa pana nini?

— Pana mtungi mkavu na koo lililolowa!

Haya, wekeni makoo tayari, maana leo mtaimba. Na wewe uliyeegemea nguzo, unayejiona una sauti kuliko wenzako, sogea karibu. Ngano hii ni yako.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kinaitwa Mavumoni. Mavumoni hakukuwa na mto, hakukuwa na kisima, hakukuwa na hata kidimbwi cha kuoshea mguu. Maji yote yalikuwa ndani ya pango, na mlangoni mwa pango alikaa zimwi mmoja mkubwa, ana jicho hapa na jicho hapa, na mdomo katikati usioshiba.

Zimwi huyu alikuwa na udhaifu mmoja. Akisikia watu wanaimba, analala. Wimbo ukiendelea, anakoroma. Wimbo ukikatika, hata kwa kufumba na kufumbua, anaamka na njaa yake. Na ngoma hakuitaka kabisa. Ngoma ya kwanza kupelekwa pale aliimeza pamoja na mpigaji.

Basi watu wa Mavumoni waliimba kwa midomo mitupu. Wenye sauti nene walikaa chini ya wimbo, wenye sauti za kati wakajaza katikati, wenye sauti nyembamba wakapanda juu. Na walikuwa na desturi yao, wakiiita kuibiana pumzi. Ukiishiwa pumzi, unamgusa jirani yako kwa kiwiko. Jirani anakaza sauti, maana yake, vuta, nimeshika. Wewe unavuta pumzi yako taratibu, unarudi. Kisha yeye anakugusa wewe. Hivyo kila mtu alipumua, lakini wimbo haukupumua. Wasichana wakaingia, wakachota, wakatoka.

Chini kabisa ya wimbo alikuwa Bi Nyanzala. Huyu hakuwa na mbwembwe. Alishika mmm yake moja, nene, tangu wasichana wanaingia mpaka wanatoka. Mmm hiyo aliishika kwa moyo wote, kwa sababu miongoni mwa wachotaji alikuwamo Chausiku, mwanawe wa pekee. Hebu nisaidieni. Bi Nyanzala aliimbaje?

— Mmmmm!

Vizuri. Sasa Bi Nyanzala alikuwa na mdogo wake wa kiume, Makeke. Sauti yake ilikuwa tamu, sitamnyima haki yake. Taabu ni kwamba alijua. Makeke alichana nywele kabla ya kuimba, sijui zimwi angemwonaje na macho yamefumba!

Siku moja akasema anakwenda kutembea nchi za watu akajifunze uimbaji. Akaenda msituni, akakuta watu wanarusha sauti kutoka kifuani hadi utosini, mmoja akiacha mwingine anadaka. Akaenda milimani, akakuta wanaume wanaimba kwa kunguruma mpaka mawe yanaitikia. Akaenda visiwani, akakuta kina mama wamepandanisha sauti juu ya sauti. Aliporudi watu wakamzunguka.

"Msituni umesikia nini?"

"Wamenisifu sana."

"Milimani je?"

"Wamenisifu zaidi."

"Na visiwani?"

"Huko walinililia nisiondoke."

Mmeona? Mtu kazunguka dunia nzima, kasikia jina lake tu.

Basi akavaa kanzu mpya aliyorudi nayo, akasimama mbele ya kijiji. "Mnaimba ovyo," akasema. "Huku mmm, kule lalala, mnachanganya mambo. Kuanzia leo neno langu ndilo neno lenu, sauti yangu ndiyo sauti yenu, pumzi yangu ndiyo pumzi yenu. Na mambo ya kugusana viwiko, mwiko! Ni ushamba."

Bi Nyanzala akasema, "Makeke, mdogo wangu, na sauti ya chini nani atashika?"

"Dada, wewe hasa ndiyo unyamaze. Unaguruma kama chura aliyemeza jiwe. Na niwaambie jambo ambalo nimelificha kwa unyenyekevu: siku zote zimwi nilikuwa namlaza mimi. Mimi peke yangu."

Unyenyekevu! Na watu wa Mavumoni, wapumbavu wale, badala ya kumcheka wakaipigia makofi ile kanzu.

Kesho yake wakaenda pangoni. Makeke mbele, kijiji nyuma, Bi Nyanzala pembeni kafumba mdomo. Makeke akaanza:

*Lala, lala, mwenye pango,*
*lala, lala, mwenye jino,*
*lala, sisi tunapita.*

Wote wakamfuata, neno kwa neno, sauti moja. Zimwi akalala. Wasichana wakaingia, Chausiku akatangulia mpaka ndani kabisa. Makeke akaona leo ndiyo leo. Akapandisha ile *tunapita*, akaipandisha tena, akaipandisha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Pumzi ikamwishia. Akavuta.

Na kijiji kizima kikavuta naye.

Kimya! Ndani ya pango yakasikika matone ya maji: to, to, to. Zimwi akafumbua jicho hili. Akafumbua na hili. Wasichana wakatupa mitungi wakakimbia, lakini Chausiku alikuwa mbali. Zimwi akamdaka mkono.

"Kumbe mnaniibia maji!" akanguruma. "Nani aliyekuwa ananilaza? Nimjue, au nimmeze huyu, kisha nianze na ninyi."

Makeke akajificha nyuma ya bibi mmoja, na kanzu yake yote hiyo. Bi Nyanzala akamtazama mwanawe mkononi mwa zimwi, akamtazama mdogo wake, akatoka mbele.

"Bwana mkubwa, mtoto huyo ni mchota maji tu. Mwenye kukulaza yupo, na jana alitangaza mwenyewe kuwa ni yeye peke yake. Ni Makeke, yule mwenye kanzu."

"Uongo!" Makeke akalia. "Tuliimba wote!"

"Jana alisemaje?" zimwi akauliza.

"Alisema peke yake!" wakajibu wenye sauti nene.

"Alisemaje?"

"Peke yake!" wakajibu wa kati.

"Alisemaje?"

"Peke yakeee!" wakamalizia wenye sauti nyembamba. Na ilipendeza, maana kila mtu aliimba sauti yake.

Zimwi akamwachia Chausiku, akamkamata Makeke. "Haya, nilaze. Ukikata, nakumeza."

Makeke akaimba. Pumzi ikaisha, akavuta, zimwi akamnusa. Akaimba tena, akavuta, zimwi akafungua mdomo. Akaimba mara ya tatu, akavuta, zimwi akamwinua mpaka kwenye meno.

"Dada! Niibie pumzi!"

Bi Nyanzala alikuwa amemkumbatia mwanawe. Angeweza kwenda zake nyumbani, nami nisingemlaumu.

"Niimbe sauti gani, mdogo wangu? Ile ya chura?"

"Ya chura, dada!"

"Aliyemeza jiwe?"

"Huyo huyo, dada yangu, na jiwe lake!"

Ndipo Bi Nyanzala akaanza. Alianzaje?

— Mmmmm!

Kazeni, mtu yuko menoni!

— Mmmmmmm!

Wa kati wakajaza, wa juu wakapanda, viwiko vikagusana. Kope za zimwi zikaanguka. Mkono ukalegea. Makeke akaporomoka, tubwi, majini na kanzu yake.

Mnadhani alijifunza? Nguo zilipokauka tu, akakaa barazani. "Mliona nilivyomlaza? Sauti ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili yangu. Ya tatu..."

Chausiku alikuwa anapita na mtungi kichwani. Akasimama, akamgusa mjomba wake kwa kiwiko, taratibu, kwa adabu zote.

"Vuta pumzi, mjomba. Sisi tumeshika."

Baraza zima likaangua kicheko. Na tangu siku hiyo, kila Makeke akianza kujisifu, Mavumoni hakuna anayembishia. Aliye karibu anamgusa tu kwa kiwiko.

Nautua mtungi wangu hapa. Mwenye kiu achote. Aliyechungulia akaona sura yake humo asinikasirikie mimi, mimi ni mbebaji tu. Na wewe wa kwenye nguzo, mbona unasugua kiwiko?