Pombe ya Mlimani

“Siku za bondeni haziivishi pombe ya mlimani.” Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo Atupele, mke mpya wa kaka yenu, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Atupele, nawe achana na huo mtungi! Methali hii ilianza na mimi bibi yenu, Subilaga, na aibu yangu.

Mimi ni mtu wa Kyela, bondeni kwenye joto, kama Atupele. Nilipoolewa huku Uporoto, mlimani kwenye baridi, nilikuta desturi hii: mke mpya hana jiko lake mpaka apike pombe ya ngano, wazee wa ukweni wainywe na kuisifu. Ndipo mama mkwe humkabidhi mafiga. Kabla ya hapo hata chumvi unaomba. Nilikuwa nimechoka, jamani! Niliyataka mafiga yale kuliko kitenge kipya.

Wazee walialikwa Jumamosi. Mama mkwe, Bi Sekela, akaniambia, “Anza Jumatatu, mwanangu.” Nikaitikia, moyoni nikamcheka. Kwetu pombe ni siku mbili. Ikizidi hapo imekuwa siki. Nikatia kimea na chachu Alhamisi.

Ijumaa asubuhi nikafunua mtungi. Kimya, wala povu hakuna. Mchana nikafunua tena, na jioni tena. Nikafagia ua niliokwisha kuufagia. Kila nikifunua baridi inaingia, na mimi sijui.

Jumamosi kulipokucha Bi Sekela alinikuta nausukuma mtungi motoni.

“Unafanya nini wewe?”

“Naiharakisha, mama. Siku zake zimetimia.”

“Zimetimia huko kwenu. Itoe, utaiua chachu! Tuwaambie wazee waje Jumanne.”

“Waambiwe nimeshindwa? Hapana, mama, sikubali!”

Akaenda zake, akaniacha na mtungi wangu motoni.

Wazee walipokaa, mtungi haukushikika kwa moto. Mzee Ambokile, kaka wa baba mkwe, akaonja, akaonja tena, akaweka kata chini.

“Uji mzuri,” alisema. “Mpeni mtoto.”

Walicheka mpaka machozi. Mimi nililia ya kwangu nyuma ya nyumba. Mafiga niliyangoja mpaka mavuno mengine, mwaka mzima wa kuomba chumvi.

Mwaka uliofuata nilianza mapema, nikaufunika mtungi kwa blanketi. Sikuhesabu siku. Nilitega sikio tu ubavuni mwake, mpaka nikasikia ndani kunatokota bila moto. Mzee Ambokile alipomaliza kata ya tatu akauliza, “Safari hii umehesabu siku ngapi?” Nikamjibu maneno hayo mliyoyasikia leo, na wazee wakaondoka nayo. Bi Sekela akanishika mkono mpaka kwenye mafiga yangu.

Atupele, nimeuona mkono wako kwenye kifuniko. Najua wazee wanakuja kesho, na najua mtungi wako uko kimya. Twende sasa hivi tukawaambie waje wiki ijayo, nitasema pamoja nawe. Siku za bondeni, mwanangu, haziivishi pombe ya mlimani.